Mtoto wa Shule na Azimio Lake la Afya

Wazazi wapendwa na walezi, juma hili twataka kusema nanyi habari ya watoto wetu wanaokwenda shule, na hasa habari ya afya yao. Hatutasema juu ya maradhi makubwa yapelekwayo hospitali, wala juu ya dawa. Twataka kusema juu ya mambo madogo yanayofanywa kila siku, asubuhi na jioni, ambayo kwa sababu ni madogo hatuyahesabu kuwa kitu. Lakini hayo madogo ndiyo yanayomjenga mtoto, au kumbomoa.

Mtoto wa darasa la nne ana daftari la sayansi. Ndani yake ameandika vizuri kabisa kwamba mikono hunawiwa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Mwulize, atakujibu bila kukosa neno. Kisha mwangalie anapotoka chooni: apita jikoni, atwaa kipande cha kiporo, naye ala huku akienda mchezoni. Je, mtoto huyu hajui? Ajua sana. Kinachokosekana si maarifa, ni desturi. Na desturi haiandikwi ubaoni. Hujengwa nyumbani, siku kwa siku, tena hujengwa na mtoto mwenyewe akiwa ameitaka.

Basi tuulizane: mzazi awezaje kumsaidia mtoto wake kuitaka, kuianza, na kuishika mpaka imwingie damuni?

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Kwanza tutazame hali yetu bila kufichana. Ufipa si nchi ya njaa. Tangu zamani mkoa wa Rukwa huhesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi. Wakati wa mavuno malori yapanda Sumbawanga matupu na kushuka yamejaa. Tuna maharage, tuna ulezi, tuna alizeti na karanga. Samaki na dagaa watoka Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande wa pili. Kuku wazunguka kila ua.

Hata hivyo, katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016, watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano waliokutwa wamedumaa walikuwa 56 katika kila 100. Kwa nchi nzima walikuwa 34. Uchunguzi ulipofanywa tena mwaka 2022, wa Rukwa walikuwa wapata 50, na wa nchi nzima 30. Tumesogea mbele, ndiyo, lakini bado ni nusu ya watoto. Katika kila nyumba mbili zenye mtoto mmoja mmoja, ni kama kusema nyumba moja ina mtoto ambaye hakukua kama ilivyompasa kukua.

Mtu atasema, "Hiyo ni habari ya watoto wadogo. Mwanafunzi wa darasa la sita yahusu nini kwake?" Yamhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: mtoto aliyedumaa hakuuacha mwili wake nyumbani siku alipoanza shule. Amekwenda nao. Akiba yake ni ndogo, na kila mara anapoharisha, kila mara minyoo inapokula pamoja naye, hiyo akiba ndogo yapungua tena. Mtoto mwenye upungufu wa damu kwa ajili ya safura huketi darasani akisinzia, na mwalimu hudhani ni mvivu. Baba naye hudhani hivyo hivyo, akachukua fimbo. Kumbe mtoto hana damu ya kutosha.

Njia ya pili ni kubwa zaidi. Udumavu huanza tumboni, na siku 1000 za kwanza, yaani tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo zenye uzito kupita zote. Binti aliye darasa la sita leo atakuwa mama wa kesho. Desturi ya kula anayojifunza sasa ndiyo atakayomlisha nayo mtoto wake. Na kijana aketiye dawati la pili ndiye baba wa kesho, atakayeamua kama mayai yote yauzwe gulioni, au mawili yabaki ya mama mjamzito. Kwa hiyo tukimlea vizuri mwanafunzi tumewalea wajukuu zetu kabla hawajazaliwa.

MGANGA HAWEZI KUNAWA KWA AJILI YA MWANAO

Wazee wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika wanalikumbuka jina la Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi za mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, na hapo alikaa akitibu watu na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kazi mahali pamoja, kwa watu wale wale.

Twamtaja si kwa kumsifu tu. Twamtaja ili tupime jambo moja. Hata kama kila kijiji cha Ufipa kingekuwa na Atiman wake, asingeweza kumfuata kila mtoto mpaka mlango wa choo na kumnawisha mikono. Mganga hukutana na maradhi yakiwa yameshaingia mwilini. Aliyeko pale mlangoni kabla hayajaingia ni mama, ni baba, ni dada mkubwa, na zaidi ya wote ni mtoto mwenyewe.

FUNZO LA MWAKA 1973

Jambo la kujiwekea maazimio ya afya si geni katika nchi yetu. Wengi wenu mliokwisha kuwa babu na bibi mwalikumbuka. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitayarisha vitabu, Radio Tanzania ikatangaza masomo, na viongozi wa vikundi wapata 75,000 wakafundishwa kazi yao. Watu wapata milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini. Kampeni iliendelea kwa majuma 12. Watu walisikiliza redio pamoja, wakasomewa kitabu, wakajadiliana juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu.

Lakini kilichofanya kampeni ile ikumbukwe si redio. Ni kwamba kila kikundi, baada ya kujadiliana, kilitakiwa kujiuliza: "Sasa sisi wenyewe tutafanya nini?" Hapo wakaazimia. Kikundi hiki kikasema, tutachimba vyoo. Kile kikasema, tutafyeka nyasi na kufukia madimbwi. Kingine kikasema, tutachemsha maji. Wakaenda wakatenda. Vyoo vilichimbwa kwa wingi mno mwaka ule. Mwaka 2024 serikali ililirudia jina hilo hilo la Mtu ni Afya na kuanza kampeni mpya.

Angalia mambo manne yaliyokuwamo katika kazi ile. Watu hawakuamriwa tu, walichagua wenyewe. Hawakuchagua maneno makubwa, walichagua kazi inayoonekana kwa macho. Hawakuwa peke yao, walikuwa kikundi. Na kulikuwa na muda uliopimwa, majuma 12. Mambo manne haya yafaa kwa mtoto wa shule kama yalivyofaa kwa watu wazima.

AZIMIO JEMA LI NAMNA GANI?

Kwanza, liwe la mtoto mwenyewe, litoke kinywani mwake. Wewe mzazi waweza kumwekea mbele mambo mawili au matatu, lakini achague yeye. Mtu hulinda kilicho chake.

Pili, liwe ni jambo la kutenda, si jambo la kutamani. Mtoto akisema, "Nataka niwe mrefu," au "Nataka nisiugue mwaka huu," hilo si azimio, ni tamaa njema tu. Hawezi kuuamuru mwili wake ukue, lakini aweza kuuamuru mkono wake unawe. Basi mwongoze mpaka afike kwenye jambo ambalo jioni mwaweza kuulizana, "Umefanya, hukufanya?" na jibu likawa moja tu.

Tatu, liwe dogo. Mtoto akiazimia mambo saba siku moja, juma la pili hatalishika hata moja. Moja latosha. Likishaingia, ndipo la pili.

Nne, lifungwe kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku. Asiseme, "Nitapiga mswaki mara mbili." Aseme, "Nikimaliza kula usiku, kabla sijalala, napiga mswaki." Kula hatasahau. Basi mswaki uende nyuma ya chakula kama ndama nyuma ya mama yake.

Tano, liwe ndani ya uwezo wa nyumba. Usimwache mtoto aazimie kunywa maziwa kila siku ikiwa hamna ng'ombe wala fedha ya kununua. Atashindwa bila kosa lake, naye atajifunza kwamba maazimio ni maneno ya bure.

Tuchukue mfano. Jioni, baada ya chakula, baba amwita mtoto wake.

"Mwanangu, mwalimu amewaambia mchague jambo la afya. Wewe umechagua nini?"

"Baba, nimechagua kuwa msafi."

"Vema. Lakini kesho jioni nitajuaje kwamba umekuwa msafi?"

Mtoto afikiri. "Utaona nimenawa mikono."

"Wakati gani?"

"Nikitoka chooni, na kabla ya kula."

"Kwa nini mara nyingi hunawi sasa?"

"Maji yako ndani, baba, na sabuni mama huificha kwa sababu wadogo zangu huichezea."

Hapo baba amepata habari ambayo asingeipata kwa fimbo. Mtoto hakuwa mkaidi. Nyumba haikuwa na mahali pa kunawia. Azimio la mtoto limezaa kazi ya baba, na baba akikataa kuifanya, asimlaumu mtoto.

MAZIMIO YANAYOFAA KWETU

Sasa tuseme machache ambayo watoto wa Ufipa waweza kuyachagua, na kila moja lina kazi ya mtoto na kazi ya mzazi.

Kunawa mikono. Kazi ya mzazi ni kutengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5. Toboa tundu dogo karibu na mdomo wake. Simamisha miti miwili yenye panda karibu na choo, laza mti wa tatu juu yake, na kuutundika mkono wa dumu hapo. Funga kamba shingoni mwa dumu, na mwisho wa kamba ufunge kijiti kilicholala chini. Mtoto akikanyaga kijiti, dumu lainama na maji yachirizika. Mikono haigusi dumu. Tundika sabuni kando yake kwa kamba. Sabuni ikikosekana, weka kopo la majivu makavu. Kazi ya mtoto ni kulijaza dumu kila asubuhi na kulitumia. Mwache alijaze yeye, maana anayelijaza hulikumbuka.

Kutotoka nyumbani na njaa. Watoto wengi huondoka alfajiri bila kutia kitu kinywani, wakatembea mwendo mrefu, wakaketi mpaka mchana. Tumbo tupu halisikii hesabu. Uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa ni chakula bora, na vyote hivyo twalima wenyewe. Kama hakuna nafasi ya kupika uji, viazi vitamu vilivyopikwa usiku, au kiporo cha ugali na maharage kilichopashwa moto mpaka kikachemka, vyafaa. Kazi ya mtoto ni kuamka mapema kidogo na kula kabla ya kushika begi. Kazi ya mzazi ni kuweka akiba usiku, na kutoa mahindi na maharage yake shuleni pale wazazi wanapokubaliana watoto wapate chakula cha mchana. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, lakini sufuria ya shule bado yangoja debe lako.

Kula mboga na kitu kimoja zaidi. Ugali peke yake hushibisha lakini haujengi. Mtoto aweza kuazimia hivi: "Kila siku katika sahani yangu iwemo mboga ya majani, na kitu kimoja katika hivi: maharage, dagaa, karanga, yai au maziwa." Majani ya maboga hayanunuliwi. Embe, pera au chungwa likiliwa pamoja na maharage na mboga husaidia mwili kupata madini ya kutengeneza damu. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo, basi chai ingojee kidogo.

Kunywa maji yaliyochemshwa. Hapa kuna jambo la kujua sisi tukaao juu. Uwanda wa Ufipa uko juu sana kuliko bahari, yapata mita 1800 na mahali pengine zaidi. Katika nchi za juu maji huanza kuchemka kabla hayajafikia joto ambalo yangefikia pwani. Kwa hiyo usiepue mara yaonapo povu la kwanza. Yaache yatokote sana kwa dakika 3, kisha yapoze katika chombo kilichofunikwa. Kazi ya mtoto ni kujaza chupa yake kila jioni ili asinywe maji ya kijito njiani. Kwa ndugu zetu walio bondeni kando ya Ziwa Rukwa jambo hili ni la uhai kabisa, kwa sababu kipindupindu kimepata kulipuka huko.

Viatu na choo. Mabuu ya safura hukaa katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mguu, na wakiwa minyoo tumboni hunyonya damu. Funza naye apenda mguu usio na kiatu na nyumba yenye vumbi. Kazi ya mtoto ni kuvaa kandambili aendapo chooni, na kuosha miguu kila jioni. Kazi ya mzazi ni choo chenye mfuniko, na kumwagia maji sakafu ya vumbi kabla ya kuifagia. Tena nguruwe wafungiwe bandani. Nguruwe anayekula kinyesi cha watu hupata tegu, na mayai ya tegu yakimwingia mtu kwa mikono michafu yaweza kufika ubongoni na kumletea kifafa. Ugonjwa huu umeonekana katika nyanda za juu za kusini, si hadithi ya mbali. Na siku dawa za minyoo na kichocho zinapogawiwa shuleni, mtoto asizuiliwe nyumbani kwa uvumi. Ale kwanza, kisha ameze.

Kuoga na kunawa uso. Hapa twajua taabu yake. Baridi ya Juni na Julai mjini Sumbawanga na vijiji vya juu si ya mchezo, na mtoto akiambiwa aoge alfajiri atajimwagia matone mawili na kukimbia. Basi azimio lifuate nchi. Aoge alasiri anaporudi shuleni, kwa maji yaliyokaa juani katika ndoo tangu adhuhuri. Asubuhi atoshelezwe na kunawa uso kwa maji safi, kwa maana uso mchafu huwavuta nzi, na nzi huwapa watoto ugonjwa wa macho.

Kulala mapema. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 ahitaji kulala saa 9 mpaka 12. Akiamka saa kumi na moja alfajiri, alale saa mbili usiku au mapema zaidi. Lakini atalalaje saa mbili ikiwa vyombo vyote vyamngoja yeye na kazi ya shule hajaifungua? Na kwa nini ni binti peke yake anayeosha vyombo, na kaka yake ameketi motoni? Gawanyeni kazi, usingizi utapatikana.

KWA WANAFUNZI WA SEKONDARI

Hawa ni wakubwa, lakini hatari zao ni kubwa vile vile. Wengine shule iko mbali, wazazi wamewapangia chumba karibu na shule, wajipikia wenyewe. Mzazi humpa debe la unga na fedha kidogo, akadhani amemaliza. Kijana hula ugali na chumvi siku tatu, fedha ikaisha kwa mandazi. Mkae naye kabla hajaondoka, muandike pamoja: siku hii maharage, siku hii dagaa, siku hii mboga. Mfungie maharage na dagaa wa kutosha pamoja na unga. Azimio lake liwe kupika chakula kimoja kamili kila siku, wala asilale na njaa.

Azimio la pili kwa vijana ni juu ya pombe na sigara. Katika nchi yetu pombe ya ulezi ni ya ukarimu na ya kazi za kusaidiana, na hatusemi hayo kwa kuidharau desturi. Lakini mtoto anayetumwa kilabuni kila jioni, na kuonjeshwa, huzoea kabla hajajua kukataa. Ikiwa kijana ameazimia kutoonja mpaka amalize shule, wazee wasimcheke. Wamheshimu.

Na kwa mabinti, mama aseme nao waziwazi habari ya hedhi kabla haijafika. Binti asiyejua huogopa, na asiye na vitambaa safi au pedi hukosa shule siku kadhaa kila mwezi. Azimio lake laweza kuwa kufua vitambaa vyake kwa sabuni na kuvianika juani, si kuvificha penye giza na unyevu. Kazi ya mama ni kumtengea mahali pa kuvianika bila aibu, na kazi ya baba ni kutoa fedha ya sabuni bila kuuliza maswali mengi. Zaidi ya hayo, binti ajue kwamba mtu mzima akimwendea vibaya, njiani au chumbani alikopanga, nyumbani ana mtu wa kumwambia, naye hatalaumiwa. Hilo nalo ni afya.

ALAMA UKUTANI

Desturi huchukua muda gani kuingia? Wataalamu wa chuo kikuu kimoja mjini London waliwachunguza watu 96 kwa majuma 12, habari zikachapwa mwaka 2009. Kila mtu alichagua jambo moja dogo, la kula, la kunywa au la kutembea, akalifanya kila siku baada ya jambo analolizoea. Waliona kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajifanya lenyewe, bila kukumbushwa. Wengine walizoea kwa siku 18, wengine walikadiriwa kuhitaji siku 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi.

Tazama, majuma 12 ya London na majuma 12 ya Mtu ni Afya ni muda ule ule. Basi nasi tushike huo. Majuma 12 ni siku 84. Mtoto achore karatasini mistari ya kutosha miraba 84, au atumie kalenda ya mwaka iliyo ukutani. Kila jioni aliyotimiza atie alama. Aliyokosa aache wazi, wala asidanganye. Akikosa mara moja, hakuna neno. Ajitahidi tu asikose mara mbili mfululizo. Jumapili jioni mhesabu pamoja. Mkiona miraba mitupu ni mingi, msianze kwa hasira, anzeni kwa kuuliza, "Ni nini kilichokuzuia?" Labda azimio lilikuwa kubwa mno. Lipunguzeni.

Na kama vile mwaka 1973 watu walivyokuwa katika vikundi, mtoto asiachwe peke yake. Watoto wanaotembea njia moja kwenda shule waweza kuwa kikundi. Mwalimu aweza kutoa dakika chache siku ya Ijumaa. Jumuiya ndogondogo zinapokusanyika nyumba kwa nyumba, watoto waulizwe maazimio yao mbele ya wazee, kwa furaha, bila kuaibishwa.

MAKOSA YA WAZAZI

Lipo kosa la kumlinganisha mtoto na mwenzake. "Mwone mtoto wa fulani, mrefu, ananenepa, wewe je?" Maneno hayo hayamwongezei mtoto hata kidole kimoja cha urefu. Humtia chuki na mwili wake.

Lipo kosa la kumpa fedha kila akifanya vema. Siku fedha ikikosekana, na desturi yakosekana. Neno jema la baba lamtosha, na kutiwa alama mbele ya nyumba nzima.

Lipo kosa la kuichapa desturi iingie. Mtoto anayenawa kwa kuogopa fimbo hanawi fimbo isipokuwapo.

Na lililo kubwa kuliko yote ni la mzazi kumwagiza mtoto jambo ambalo yeye mwenyewe halifanyi. Baba akiketi mezani na mikono ya shambani, kibuyu chirizi kiko nje, mtoto amejifunza kwamba kunawa ni kazi ya watoto tu, na siku atakapokuwa mkubwa ataiacha. Kwa hiyo baba na mama nao wachague azimio lao, nalo liandikwe katika karatasi ile ile.

KAMA NTUMBA

Mfipa yeyote aliyeshika jembe ajua ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha tunazikata nyasi, tunazikusanya, tunazifunika kwa udongo, shamba lote likawa matuta ya mviringo. Mgeni apitaye hushangaa, akaona kama kazi ya bure. Nyasi zaoza polepole wakati wote wa kiangazi, hakuna anayeziona. Msimu unaofuata tunayavunja matuta, na udongo umekuwa mweusi, wenye nguvu, ukatupa chakula.

Mtoto anayenawa mikono leo hutamwona amekua kesho. Hata baada ya siku 84 huenda usione kitu ila ukuta wenye alama. Lakini jambo limefunikwa ndani yake, laendelea kufanya kazi.

Basi, wazazi, Jumapili hii jioni, baada ya chakula, zima redio na uweke simu kando. Mwite mtoto mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, mwulize amechagua nini. Msikilize mpaka mwisho kabla hujasema lako. Kisha uliza swali hili moja: "Na mimi nikusaidie nini?" Jibu lake lishike, hata likiwa ni kopo la majivu tu.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutasema habari ya uji wa mtoto mchanga: aanze lini, utengenezwe kwa nini, na kwa nini usiwe mwepesi kama maji.